Mungu Atutoshe Humu

Tulimzika Bwambale kwao Maliba, kwenye mteremko, mvua ikitaka kunyesha na ikikataa. Nilikwenda mwenyewe na magoti yangu haya, kwa sababu mtu aliyekupigia ngoma mwaka mzima humtumii rambirambi kwa simu. Baada ya udongo watu wakakaa kula. Nilikuwa nimeshika tonge la bundu, ule ugali wetu wa muhogo, wakati jamaa wa spika alipoweka wimbo, na tonge likabaki mkononi. Niliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Niliutambua kwa besi, inayoingia imechelewa kidogo kama mtu aliyekuwa bado anatafuta viatu. Besi hiyo ni mimi. Mama mmoja wa kanisa aliyekaa karibu nami akafumba macho, akasema, "Hii wimbo inatuliza roho, Hajji. Inasema Mungu iko ya kutosha." Angekuwapo Bwambale tungecheka mpaka tufukuzwe msibani. Nikamjibu, "Kweli, mama, inatuliza," nikameza tonge. Kisha nikaenda kusimama nje ya uzio, maana kukaa kulinishinda, na tangu siku hiyo kunanishinda. Nimeona bora niandike mwaka wenyewe ulivyokuwa, labda mwili utakubali kiti.

Wengine wakikumbuka ujana wanaanza na shule. Shule mimi niliiona mlangoni. Nilikuwa tandiboi, utingo wa lori, kabla sijaota ndevu, nikalala juu ya magunia kati ya Mpondwe na Kasese, kisha nikaendesha, kisha nikanunua, na yote hayo niliyafanya bila kumpigia mtu magoti. Ujana ulinipita nikiwa chini ya gari nakaza nati. Ulinirudia nikiwa na mvi kidevuni, mwaka ule ambao ng'ambo, Kongo, upande wa Beni, watu walikuwa wanauawa mashambani mwao, na upande wetu Kasese nayo ikashika moto. Mwaka wenyewe siutaji, aliyekuwapo anaujua. Malori yangu yalikaa uani, maana barabara leo ilikuwa wazi, kesho imefungwa, na mimi si mtu wa kukaa. Asubuhi nilizunguka ua, nikapiga matairi teke, nikafungua boneti bila sababu, nikafunga. Mke wangu Aisha alikuwa anachambua mchele barazani, akaniambia, "Baba Hadija, utachimba handaki hapo kwa kutembea. Tafuta kazi, au njoo nikupe viazi umenye."

Kazi ikaja, lakini haikuja na sura ya kazi. Kwanza alikuja Kahindo. Aisha alimkuta amekaa kwenye ukuta wa msikiti wetu hapa Bwera, na beseni moja na kifurushi, miongoni mwa wale waliokuwa wanavuka kila siku, akamleta nyumbani bila kuniuliza. Tulimpa kachumba kaliko karibu na stoo ya kahawa. Alikuwa Mkatoliki wa Butembo. Jumapili aliimba kwaya, Jumamosi aliimba na orkesta kwenye baa, na alisema Mungu alikuwa anazisikia zote mbili. Mama yake alikataa kukimbia. Alibaki kule na mbuzi zake. Mwanamke huyu hakuweza kukaa. Akiosha vyombo anaosha amesimama, akila anakula anatembea. Basi tukawa wawili tunaozunguka ua, mimi kwa kulia, yeye kwa kushoto, tunapishana kwenye tangi la maji. Siku moja akanisimamisha hapo kwenye tangi.

"Papa Twaha, na weye banakufukuza?"

"Nani anifukuze kwangu?"

"Njo nauliza," akasema, na njo ya kwao ni ndo yetu.

Baada yake akaja Paluku, lakini jina hilo hakuna aliyelitumia. Wakongo mpiga gitaa la mbele wanamwita soliste, na yeye alikuwa Soliste hata kwa mama yake. Alivuka na gitaa limefungwa kwenye blanketi, amelikumbatia kifuani, na wanawake wa Mpondwe walimpisha foleni na kumpa hongera ya mtoto. Alikuwa amepiga na Kahindo katika orkesta ile ya baa, na wamegombana humo, na walipoonana uani kwangu walianza na ugomvi kabla ya salamu. Wa tatu alikuwa Bwambale, mkulima wa Maliba, mpiga ngoma wa kanisa la Kiprotestanti. Alikuja kuniuliza lori litapanda lini kuchukua kahawa yake, akasikia gitaa kutoka stoo, akasema, "Boss, naingia kidogo tu." Hakutoka mpaka jioni. Besi ilikuwapo, ya mtu aliyekimbilia Kampala, lakini haikuwa na mwenyewe. Soliste akaniangalia mikono.

"Patroni, weye iko na vidole ya kufunga turubai. Besi inataka vidole ya vile."

"Mimi ni mtu mzima."

"Besi haiulizi miaka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, mzee mzima, kutoka malengelenge kama mwanafunzi. Aisha alikuwa anapita na kikapu, anachungulia, anasema, "Mashallah, harusi ni lini?" Majirani walikuja kuazima chumvi ambayo wanayo. Kwenye swala ya Ijumaa mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba Twaha amepagawa na majini ya Kikongo. Nikageuka nikamwambia majini ya Kikongo yanapiga gitaa vizuri, njoo usikilize. Hakuja.

Stoo yenyewe naiona hata sasa nikifumba macho. Madirisha mawili madogo ya juu, vumbi la maganda ya kahawa likielea kwenye mwanga, harufu ya mafuta taa na panya. Magunia yaliyokosa gari tuliyapanga kuta zote hadi karibu na dari. Akili hiyo ilikuwa ya Soliste; alisema gunia la kahawa linakula mwangwi, na kweli, ukipiga makofi mle ndani sauti ilikufa mkononi. Alikuwa na kompyuta yenye kioo kilichopasuka, maikrofoni ya kanisa la kina Bwambale, na spika ya redio aliyoifungua na kuifunga kwa namna yake mpaka gitaa likawa linatoa sauti kama ya bati linalochanwa. Na alikuwa na sidii moja aliyoitunza kuliko meno yake. Alipewa na padri Mhispania aliyekuwa anatengeneza jenereta ya misheni huko Butembo. Ilikuwa ya bendi ya roki ya mji aliozaliwa huyo padri. Siku ya kwanza tulipokutana wote wanne alituweka chini kwenye magunia, akaicheza yote, hakutaka mtu akohoe.

"Hawa watu wanaumwa?" Bwambale aliuliza ilipokwisha.

"Banapigana," Soliste akasema. Akatueleza alivyoelezwa na padri: kwamba bendi ile iliifanya album hiyo katika wakati mbaya, watu wa nchi yao wako barabarani wanapiga kelele, kazi hakuna, na wao wenyewe hawasemezani. Mmoja anakunywa, mwingine ameshafunga mizigo yake. Waligeukia ukuta kila mtu na wake, wakapiga hivyo hivyo, mgongo kwa mgongo. "Banapigana, na album inatoka. Tena inatoka ya muzuri kupita zile za mbele."

Mimi Kihispania sijui neno hata moja. Lakini nilisikia wazi kama mtu anayechungulia dirishani: yule wa gitaa anataka kuondoka, yule wa ngoma anamvuta shati, na mwimbaji amesimama mlangoni, hajui amfungulie au amfungie. Nililala na kelele hiyo kichwani. Asubuhi nikawaambia, "Na sisi tutafanya ya kwetu. Hapa hapa." Nikaweka na sheria, maana bila sheria hata turubai halifungwi: waliogombana watageukia magunia, lakini watapiga. Nadhani tulipiga tumegeukia magunia siku nyingi kuliko siku za kuangaliana. Tuligombana kwa ajili ya samaki wa makayabu, wale wakavu wa chumvi, ambao Kahindo aliwapika mle mle stoo na Bwambale akasema wananuka kama soksi za afande. Tuligombana kama gitaa la Soliste ni muziki au ni mashine ya kusaga. Tuligombana juu ya nani alimkanyagia nani waya. Na nyimbo zikatoka, moja baada ya moja, zenye haraka na hasira ndani, na nilipozisikia kwenye kompyuta ile iliyopasuka sikuamini kwamba kidole kile kinene kinachotembea chini ni changu.

Ikabaki ya mwisho. Kahindo aliileta siku ya Ijumaa, nimetoka swala, tumekaa kwenye mkeka mbele ya pilau ya Aisha. Hakungoja tumalize. Alisimama na sahani mkononi akaimba, sauti ya chini, bila gitaa:

"Mungu atutoshe humu, humu ndani atutoshe, viatu viko miguuni, Mungu atutoshe humu."

Kijiko changu kikasimama. Kila Muislamu anaijua dua ya kusema Mwenyezi Mungu anatutosha, ninaisema mwenyewe nikiwasha lori, na huyu mwanamke wa kwaya ya Kikatoliki alikuwa ananiletea dua hiyo hiyo katika nyumba yangu, na sahani ya pilau mkononi. Mungu atutoshe humu, humu ndani, hatuhitaji pengine. Viatu sikuvijali, nilidhani ni vya kwenda kanisani. Usiku nikamwambia Aisha, "Huyu sasa ametulia. Atabaki." Aisha alikuwa anakunja shuka. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe. Tangu siku ile nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, na nakisema wazi kwa sababu sina umri wa kuficha: nilitaka Kahindo abaki Bwera, tumalize wimbo ule, tuwe bendi. Niliona tunapiga Kasese mjini, tunapiga Bulembia kwenye sherehe za watu wa migodi, mimi nimevaa kofia. Sikuwahi kuwa na kundi. Tandiboi hana kundi, ana mizigo.

Lakini wimbo ukakataa kurekodiwa. Mimi na Bwambale tuliupiga taratibu, kwa adabu, kama watu wanaoomba. Soliste alikuwa anatuvuta kwa mbele na lile bati lake, na Kahindo akifika mstari wa pili tu anakata.

"Munalala?"

"Dada, hii iko maombi," Bwambale akasema. "Maombi haikimbii."

"Nyumba ikiwaka unaombaka polepole?"

"Nyumba gani inawaka?"

"Yesu na Maria! Papa Twaha, ambia huyu mutu."

Nikamwambia Bwambale aongeze kidogo, akaongeza kidogo, akarudi pale pale, maana na mimi nilikuwa narudi pale pale. Tukageukia magunia, sote wanne. Wiki zikaisha hivyo. Kahindo akaacha kula na sisi. Nilimsikia nyuma ya ukuta wa jiko anaongea na Aisha, sauti mbili za chini na kijiko kinachokoroga, na nilipokaribia kijiko kikabaki peke yake.

Katikati ya wiki hizo ndipo mapigano ya Kasese yalipolipuka, na Bwambale akawa hawezi kutoka Maliba bila kupekuliwa. Nilikwenda kumchukua na pikapu. Kwenye kizuizi kimoja askari akamshusha, akakuta fimbo zake za ngoma chini ya koti. Mwaka ule kijana wa Kikonzo, kabila la kina Bwambale, hakutakiwa kukutwa na fimbo ya aina yoyote.

"Nini hii?"

"Ya ngoma, afande."

"Ngoma iko wapi?"

"Bwera, afande."

"Ongo! Piga."

"Napiga nini, afande?"

"Piga hiyo gari!"

Basi Bwambale akapiga boneti yangu, kwenye jua, watu wamekalishwa chini pembeni ya barabara wakiangalia, na kilichomjia mikononi kilikuwa ni wimbo ule wa Kahindo. Askari alisikiliza. Akainamisha kichwa upande mmoja. "Polepole sana," akasema. "Unazika mtu? Haya, ingia, potea!" Tulifika Bwera. Kule stoo Bwambale alitaka kuwaeleza wenzake kwa kichekesho, akaigiza sauti ya askari, akafika kwenye "piga hiyo gari", akakatiza, akaikalia mikono yake. Kahindo alimwangalia ile mikono chini ya mapaja. Akatoka nje, nikasikia hatua zake zinazunguka ua, zinazunguka, zinazunguka.

Siku ya soko nikaenda Mpondwe kuulizia njia. Nilikuwa nimesimama kati ya wachuuzi, naongea na wakala wa forodha, wakati mpagazi mmoja aliposhusha magunia yake ya maharage ndani ya kibanda cha mama wa Kikongo muuza mawese. Mama akapandisha sauti mpaka ng'ambo.

"Tosha bintu byako humu! Tosha! Unaona humu iko kwa baba yako? Tosha humu!"

Wakala aliendelea kuongea. Mimi nilikuwa simsikii. Tosha. Tangu sina ndevu nimelisikia neno hilo mpakani: tosha gunia, tosha gari, tosha mukono yako mu sahani yangu. Kwa Wakongo kutosha ni kutoa. Ninalijua kama ninavyojua jina langu, nimelitumia mwenyewe kwa wapagazi maelfu, na lilikuja mezani kwangu kwa wimbo likanipita. Nikiwa mpakani nina sikio la mpaka. Mtu akitaja Mungu, navaa sikio la msikitini. Wale Wahispania niliwasikia mpaka moyoni bila kujua neno lao hata moja, halafu mwanamke akaimba Kiswahili futi mbili kutoka kwenye pilau yangu, nikasikia kinyume. Mungu atutoshe humu. Mungu atutoe humu. Viatu viko miguuni.

Nilirudi nikawakuta wanakula, wote, kwenye mkeka, bundu na sombe, kisamvu cha Kikongo, hata Kahindo alikuwapo ameshika ukuta. Sikunawa.

"Kahindo. Mungu akutoshe wapi?"

Soliste akainua macho, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. "Patroni, ulikuwa hausikii?"

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Iko Kiswahili, Patroni! Nilifikiri munasikia, munakataa tu kukimbia."

"Nyamaza. Kahindo, nakuuliza. Akutoshe wapi? Kongo? Si umeshatoka Kongo?"

"Kongo iko kule, Papa Twaha," akasema. "Mutu hasemaki humu juu ya kule." Akainama, akaweka kiganja juu ya mkeka. "Humu."

Niliuangalia mkeka. Wangu. Sinia langu, bati la juu langu, ukuta alioushika nilipiga matofali yake kwa mikono hii. Sijawahi kutukanwa vile, na hapakuwa na tusi. Aisha aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekuwa anajua tangu siku ya shuka.

"Tumekukosea nini?"

"Hakuna kitu. Njo mubaya." Sasa alikuwa ameanza kutembea, kutoka mlango hadi dirisha, kutoka dirisha hadi mlango. "Munanipikia, munanilaza, Mama Aisha ananiita mutoto yake. Kama mungekuwa babaya ningeenda zamani. Nikibaki, nitazoea. Nikizoea, mama yangu eko nangojea nani?"

"Kule wanaua watu!"

"Na huku? Bwambale alipiga gari ngoma juu ya nini?"

Bwambale alikuwa anaangalia sombe. Nikasema maneno, nilisema basi, hakuna wimbo, hakuna album, kila mtu aokote waya wake, stoo ni ya kahawa. Nikatoka nikazunguka ua mpaka miguu ikaniuma. Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Nilipochoka nikaingia stoo, na walikuwa wamekaa kila mtu mahali pake, ngoma, gitaa, mwimbaji, na besi yangu imeegemezwa kwenye gunia. Soliste hakuniambia samahani wala pole. Alisema, "Umegombana, Patroni. Geukia magunia."

Sheria ilikuwa yangu. Nikageuka.

Bwambale akahesabu, na hakuhesabu kama mtu wa kanisani. Alikimbia. Nilidhani ngoma zitaanguka. Soliste akachana bati lake juu yetu, na mimi nikaingia nimechelewa, kwa sababu machozi yalikuwa yameniziba na nyuzi sizioni, nikawafukuza nyuma kama mtu aliyeachwa na gari, na sikuwafikia mpaka mstari wa tatu. Kahindo akaimba amefunga kamba za viatu, hilo nililiona nilipoingia. Mvua ikapiga bati wimbo ukiwa katikati, nayo imo, ukisikiliza vizuri utaisikia. Pua yangu ilikuwa kwenye gunia, sikumwona hata mara moja. Jenereta ikazima wimbo ulipokwisha, na Soliste akaruka juu ya kompyuta akihema, akaangalia, akasema, "Imeingia." Nikasema besi imechelewa, turudie. Kahindo akakataa. "Wacha vile. Inakuwa mutu anakimbia, na mutu ingine anamufuata."

Hiyo ndiyo inayowatuliza roho watu wa Maliba. Sina ugomvi nao. Nadhani mtu akiwa amechoka, hata mbio akizisikia kwa mbali zinamliwaza.

Akasema ataondoka Jumamosi. Nikamwambia njia anaijua, aende mwenyewe. Akasema, "Unipeleke, Papa Twaha. Unaweza kukasirika mu gari." Kwa hiyo nilikasirika kwenye gari. Aisha alikuwa amemjazia beseni: mchele, sabuni, kitenge, dawa za homa, mandazi kwenye gazeti. Walikumbatiana uani mpaka nikapiga honi. Bwambale alimpa mkono, akasema "Wasingya," ambayo ni asante kwao na karibu sawa kwa kina Kahindo. Soliste alikuwa amejifungia stoo, anapiga gitaa, amegeukia anakojua yeye. Barabara ya Mpondwe ni fupi. Nilitaka kumwambia kwamba kachumba kale sitaweka magunia. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba si jela. Nilichomwambia ni, "Funga huo mlango vizuri, unapiga kelele."

"Uko na kasirani muzuri, Papa," akasema.

Mpakani watu walikuwa wanakuja. Ilikuwa ni moja ya zile siku ambazo huko ndani kumechafuka tena, na walikuwa wanavuka mto na magodoro kichwani, kuku chini ya kwapa, wazee kwenye baiskeli, wote wanakuja upande wetu, wamejaa njia nzima. Kahindo aliweka beseni kichwani. Hakunipa mkono. Aliniwekea kiganja kwenye kifua, pale kwenye mfuko wa kanzu, akakiondoa, akaingia kwenye ule umati kinyume. Nilibaki nimesimama kwenye ngazi ya gari nikiangalia beseni. Lilikwenda kushoto, likasukumwa, likarudi, likapanda juu tena. Watu walikuwa wanampisha wakimshangaa. Alikuwa anatembea kwa haraka, kama siku zote, ila sasa kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea bila kugeuka mwisho wa ukuta.

Askari wa kizuizi alikuwa ameegemea boneti yangu, na yeye anamwangalia.

"Mzee, huyo mama wako amepotea? Wenzake wanatoka, yeye anaingia."

"Hajapotea, afande," nikamwambia. "Anatoka."

Akaniangalia kuona kama namchezea. Akaona uso wangu, akaacha.

"Haya, Mzee. Toa gari. Unaziba njia."

Nikatoa gari.